"Hili lingeweza kuwa gazeti la mji wowote": jibu kwa mwanafunzi wa Tanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari hapa Tanga. Mradi wetu wa muhula ni kubuni gazeti la eneo: ukurasa wa mbele, kurasa mbili za ndani zinazotazamana, na tangazo la kulinadi gazeti lenyewe. Langu nimelipa jina la Sauti ya Tanga. Nimeweka herufi nyekundu, picha kubwa ya waziri niliyoitoa mtandaoni, na vichwa vitano vya habari ukurasa wa mbele kama ninavyoona kwenye meza za magazeti. Mwalimu amenirudishia akiwa ameandika sentensi moja tu: "Hili lingeweza kuwa gazeti la mji wowote." Sijui nianzie wapi. Picha napiga kwa simu, kompyuta ni ya kuazima, na zimebaki wiki 5. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi ya kusanifu kurasa nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na sentensi hiyo ya mwalimu wako ningetamani mtu angeniandikia nilipokuwa na umri wako. Hajasema kazi yako ni mbaya. Amesema haina kwao.

Tuanze na hayo unayoyaona mezani. Magazeti mengi yanayobanwa kwa vibanio pale stendi yametengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya nchi nzima. Msanifu wake hajui kama nakala hii itasomwa Tunduma au Kigoma, basi anatafuta kinachofahamika kote: sura ya kiongozi, Simba na Yanga, neno moja kubwa jekundu. Vichwa ni vitano kwa sababu gazeti linashindana na mengine kumi pembeni yake, na wapita njia wanasoma wamesimama, kila mmoja akitafuta cha kwake. Umbo lile lina sababu zake. Wewe umechukua umbo, sababu ukaziacha kule kule. Msomaji wako hahitaji kuelezwa Makorora iko wapi. Amelala huko jana.

Kwa hiyo nitakuomba jambo ambalo huenda likakushangaza: ukurasa wa mbele uweke kando kwanza. Anza na ukurasa wa 2. Habari kubwa ya mbele inaweza kutokea Tanga leo na Mtwara kesho, lakini ukurasa wa 2, ukiufanya vizuri, hauwezi kuhamishwa hata kilomita 50. Na ukishajua ukurasa wa 2 una nini, wa mbele utajipanga wenyewe.

Ukurasa huo ndio wa matumizi. Ni ule ambao mtu anaukata kwa mkasi na kuubandika ukutani. Chukua daftari na kalamu, tembea mji kwa siku tatu, na kila unapokutana na mtu muulize swali moja: leo asubuhi ulihitaji kujua nini kabla hujatoka nyumbani? Usimuulize anapenda kusoma nini, maana hapo atakutajia siasa na michezo ili akuridhishe. Ukimuuliza alihitaji kujua nini, atakwambia kama maji yalitoka, samaki walikuwa bei gani, basi la kwanza liliondoka saa ngapi, mazishi ni saa saba au baada ya alasiri.

Nikupe mfano mmoja nilioufikiria sana, kwa sababu ni wa pwani na Dodoma hawana haja nao: saa za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mvuvi anayetoka Deep Sea, mama anayekwenda mwambani kuchokoa pweza, vijana wanaoogelea Raskazone, wote wanaishi kwa saa hizo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na mwamba hubaki wazi. Siku za maji mafu hayatoki sana. Bandarini wana jedwali lake. Nenda ukaliombe, unakili wiki moja.

Sasa lisanifu. Safu moja ya gazeti lako (vipimo nitakupa chini) itakuwa na upana wa milimita 63. Jedwali linahitaji safu ndogo tano: siku, kujaa mara mbili, kupwa mara mbili. Namba kama 10.45 kwa herufi za pointi 9 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) inachukua kama milimita 8, basi zote zinaenea na nafasi ya kupumua inabaki. Tumia saa za Kiswahili, usithubutu kuandika 16:20. Mvuvi anasema saa kumi na dakika ishirini. Hapo utakutana na tatizo la usanifu la kweli kabisa: saa 4.20 ya asubuhi na saa 4.20 ya usiku zinafanana. Ukiandika "asubuhi" na "usiku" kila mahali, jedwali litajaa. Suluhisho langu ni kuweka saa za usiku juu ya kivuli chepesi cha kijivu, asilimia 10, na za mchana juu ya karatasi tupu. Mstari mmoja chini unaeleza. Mtu akilitazama mara mbili, mara ya tatu hahitaji maelezo. Jedwali hilo moja, kwa maoni yangu, litamwambia mwalimu wako kuhusu Tanga kuliko picha kumi za mnara wa saa.

Chini yake weka bei za sokoni, na uziandike kwa vipimo ambavyo watu hununulia. Mchicha ni kwa fungu, nazi ni kwa moja, ndizi kwa mkungu au chana, mahindi kwa debe. Ukibadilisha kila kitu kuwa kilo ili jedwali lipendeze, umelipendezesha kwa ajili ya mtu asiyekwenda sokoni. Nenda soko la Mgandini asubuhi moja na uandike tarehe na saa uliyouliza, kwa sababu bei ya saa 1 na ya saa 5 si moja.

Halafu kuna Kumbukumbu na Shukrani. Usidharau matangazo hayo. Familia inaweka picha ya marehemu, inashukuru majirani, madaktari, jumuiya, inataja arobaini ni lini. Katika gazeti la taifa yanabanwa pembeni. Katika gazeti la mji yanasomwa na watu waliokuwapo msibani. Yape mpaka mwembamba mweusi, picha iliyonyooka, jina kwa herufi zinazosomeka na wazee, na nafasi nyeupe kuzunguka. Kwa zoezi lako tunga jina na utumie picha ya rafiki aliyekubali kwa hiari yake, akijua ni ya tangazo gani.

Tuje kwenye jina. Neno Sauti limetumika mno, na likifuatiwa na jina la mji linakuwa kama kibao cha ofisi. Tafuta neno ambalo mtu wa Tanga akilisikia anatabasamu na wa mbali anauliza maana yake. Mnao uwanja wa Tangamano hapo mjini. Litazame neno lenyewe: limeanza na jina la mji, na maana yake ni watu kukutana na kuchanganyika. Silazimishi ulichukue, ila fanya nalo zoezi. Liandike kwa herufi ndogo isipokuwa T. Utaona kuna herufi moja tu inayoshuka chini ya mstari, g, na iko karibu na katikati. Ukipitisha ukanda wa tarehe chini ya jina, mkia wa g utaugonga. Una njia mbili: ukate ukanda mahali hapo, tarehe kushoto na bei kulia, mkia ukipita katikati, au uandike jina lote kwa herufi kubwa na upoteze umbo hilo. Mimi ningekata ukanda. Kufikiria jina kwa namna hii, herufi kwa herufi, ndiyo kazi ya nembo. Rangi inakuja mwisho kabisa.

Na usidhani kwamba Tanga kuwa na gazeti lake ni jambo la darasani tu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, shule ya serikali ya Wajerumani hapo hapo Tanga ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, na waandishi walituma habari kutoka miji mbalimbali. Wewe ni mwanafunzi wa Tanga unayetengeneza gazeti zaidi ya miaka 100 baadaye. Liweke hilo katika ripoti yako ya mradi, kwa sababu linaonyesha kwamba unajua uko wapi.

Sasa vipimo. Magazeti yetu mengi ni ya ukubwa ambao kiwandani huitwa tabloidi, kama milimita 280 kwa 430. Wewe tumia A3, milimita 297 kwa 420, kwa sababu inakaribiana nayo na steshenari yenye mashine kubwa inaweza kukuchapia. Acha milimita 15 kila upande. Unabaki na upana wa milimita 267. Ukigawa safu tano zenye mwanya wa milimita 5, kila safu ina milimita 49. Ukigawa nne, kila moja ina 63.

Nakushauri nne, na sababu yake iko katika lugha yetu. Safu ya milimita 49 kwa herufi za pointi 9 inabeba kama herufi 33 kwa mstari. Kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi mafupi, inatosha vizuri. Kwa Kiswahili, ambapo kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, neno kama "hawakuwatambulisha" peke yake ni herufi 18, zaidi ya nusu ya mstari. Ukinyoosha kingo zote mbili, programu italazimika ama kuacha mianya mikubwa katikati ya maneno ama kulikata neno. Na hapo kuna balaa: programu nyingi zinakata kwa sheria za Kiingereza, ukute "hawakuwat-ambulisha". Mtu aliyezaliwa na Kiswahili akikutana na mkato huo anajikwaa. Silabi yetu huishia na irabu, basi mkato unakuja baada ya irabu: hawakuwa-tambulisha, hawakuwata-mbulisha. Usitenganishe mb, nd, ny, sh, ch, wala ng'. Maneno ya mkopo kama daftari na maktaba yana kawaida yake, daf-tari, mak-taba. Kwa kifupi, zima ukataji wa programu, acha ukingo wa kulia uwe huru bila kunyooshwa, na ukate kwa mkono pale tu penye pengo baya. Safu nne zenye herufi kama 42 kwa mstari zitakupunguzia shida hiyo sana.

Nafasi kati ya mistari iwe pointi 11. Ukurasa mzima hapo una mistari kama 100 kwa safu, na mistari yote ya safu zote ikae kwenye ngazi moja, ili ukiweka rula toka kushoto hadi kulia herufi zisimame pamoja. Msomaji hataiona rula hiyo, ila ukurasa usio nayo atauona umechafuka bila kujua kwa nini.

Kuhusu fonti, mbili zinatosha. Moja yenye vikia, yaani vijimkia kwenye ncha za herufi, kwa maandishi ya habari, kama PT Serif au Source Serif, na moja nyembamba isiyo na vikia kwa vichwa, kama Oswald. Zote zinapatikana bure. Times New Roman nayo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti, The Times la London, mwaka 1932, kwa hiyo si dhambi kuitumia, ila imezoeleka katika barua za ofisi na ukurasa wako utafanana na barua. Kwa vichwa chagua nyembamba kwa sababu ya urefu wa maneno yetu. Piga hesabu hii: WAFANYABIASHARA, herufi 15, kwa fonti nene ya kawaida na herufi kubwa zote za pointi 72, inachukua karibu milimita 267. Neno moja limemaliza ukurasa, na hujasema walifanya nini.

Hapa ndipo nafasi inapokufundisha uandishi. Ukikosa nafasi ya "wafanyabiashara", jiulize ni akina nani hasa. Wauza samaki? Mama lishe? Machinga wa stendi? Neno linakuwa fupi na habari inakuwa sahihi zaidi kwa pamoja. Gazeti la taifa linaweza kusema "wananchi". Gazeti la mji likisema "wananchi" linakuwa limeshindwa kumtambua jirani yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, ondoa vibandiko vya SIASA, JAMII na UCHUMI juu ya habari zako. Weka mahali: CHUMBAGENI, MABAWA, PONGWE, DUGA. Ngamiani mna barabara zenye namba, basi andika BARABARA YA 12. Msomaji atatafuta mtaa wake kwanza, kisha wa mama yake, kisha wa kazini. Mpangilio huo gazeti la taifa haliwezi kuufanya, kwa sababu Tanga yote inapata aya moja katika ukurasa wa Mikoani. Chini ya kichwa weka jina lako mwenyewe kama mwandishi. Usijifiche nyuma ya "Na Mwandishi Wetu".

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linaniuma.

Miaka yangu ya mwanzo, katika gazeti moja nililofanyia kazi, nilipanga picha ya bibi aliyekuwa akisuka ukili chini ya mwembe. Kwenye skrini uso wake ulikuwa na kila mkunjo, na macho yalikuwa yakicheka. Asubuhi gazeti lilipotoka, kanga ilionekana vizuri, ukili ulionekana vizuri, na penye uso palikuwa na doa jeusi. Mjukuu wake alikuja ofisini na pesa ya nakala tano. Alifungua ukurasa, akautazama, akaufunga. Alinunua moja.

Sababu ni karatasi. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, kama gramu 45 kwa mita ya mraba, na inakunywa wino. Picha huchapwa kwa nukta ndogo ndogo, na kila nukta ikigusa karatasi ile inatanuka. Sehemu iliyokuwa na weusi wa asilimia 50 kwenye skrini inatoka ikiwa karibu na 75. Sasa fikiria uso wa mtu wetu, ambao kwenye skrini tayari uko 65 au 70 upande wa kivuli. Ukitanuka unaungana na nywele na kivuli cha mti, na mtu anapotea. Picha ya waziri uliyoitoa mtandaoni ilirekebishwa kwa ajili ya skrini, kwa hiyo ingekufanyia hivyo hivyo, mbali na kwamba si mali yako.

Kinga inaanza kabla ya kupiga. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Mchana mkali mtoe mtu kwenye jua la utosi, msimamishe kwenye kivuli cha wazi akitazama upande wenye mwanga. Ukuta mweupe mbele yake ni taa ya bure, maana unamrudishia mwanga usoni. Usimpige mtu bahari ikimeta nyuma yake bila kugusa uso wake kwenye skrini ya simu, kwa sababu simu itapima mwanga wa bahari na kumfanya yeye kivuli. Hakikisha umeona weupe wa macho na mng'ao mdogo kwenye paji la uso. Ukiviona hivyo kwenye simu, una cha kufanyia kazi.

Kisha kwenye kompyuta punguza weusi wa kati, usiguse weupe wenyewe wala weusi kabisa. Mimi hupima shavu la upande wa kivuli: likiwa bado liko 65 au 70, narudi kulipunguza tena. Picha itaonekana imepauka kidogo kwenye skrini. Ivumilie, kiwandani itarudi. Ila steshenari watakuchapia kwa mashine ya leza, na karatasi yake hainywi wino namna ile, kwa hiyo tengeneza nakala mbili: moja ya leza ya kukabidhi, na moja uliyoirekebisha kwa ajili ya karatasi ya gazeti, uiweke kwenye ripoti na maelezo yake. Walimu wachache huwa wamewahi kuona mwanafunzi akifikiria hilo.

Ukubwa wa picha usikutishe. Picha ya upana wa ukurasa mzima, milimita 267, kwa nukta 200 kwa inchi zinazotosha gazeti, inahitaji pikseli kama 2,100 kwa upana. Simu ya kawaida ya siku hizi inatoa zaidi ya hapo. Kinachoiharibu ni kuituma kwa WhatsApp kama picha, kwani inabanwa. Itume kama faili, au tumia waya.

Na maelezo ya picha yaseme tusichokiona. Usiandike "Mvuvi akiwa na samaki." Nimeshamwona. Niambie katoka wapi, saa ngapi, kapata nini, na uandike jina lake kama alivyokutamkia, akiwa amekubali.

Sasa rudi kwenye ukurasa wa mbele. Wiki nzima umekuwa ukitembea kwa ajili ya ukurasa wa 2, na nina hakika habari ya mbele umeshaigusa. Labda ni mitaro ya Ngamiani kabla ya masika. Labda ni bei ya dagaa. Chagua moja, uipe picha moja ya safu zote nne yenye kimo cha milimita 150 hivi, kichwa cha mistari miwili, na maneno 250 hadi 300. Chini, ukanda mmoja wenye vitu vitatu vya ndani: saa za maji leo, jambo moja la mtaani, na mpira. Mpira usiuogope, lakini uwe wa kwenu. Mji wenye Coastal Union, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka 1988, na African Sports, hauna haja ya kuanza na timu za Kariakoo.

Kumbuka meza ya magazeti hukunja. Nusu ya juu, kama milimita 210, ndiyo inayoonekana. Jina, kichwa, na uso wa mtu viwe humo. Ikiwa miguu tu ndiyo iko juu ya mkunjo, panga upya. Nyekundu itumie mahali pamoja, basi. Maandishi ya habari yawe meusi ya wino mmoja, usiyachanganye kwa rangi nne, kwa sababu kila rangi huchapwa na sahani yake, na sahani hizo zikisogea kidogo tu herufi ndogo zinakuwa na vivuli pembeni.

Kuhusu kurasa mbili zinazotazamana: ukifikiria gazeti la kurasa 8, ni kurasa za 4 na 5 tu ndizo zilizo kwenye karatasi moja isiyokatika. Ukitaka picha ipite katikati, ifanye hapo. Kama kurasa unazowasilisha ni za 2 na 3, kila picha ibaki upande wake. Na acha nafasi ya matangazo, robo ya ukurasa wa 3 kwa mfano, ukayabuni mwenyewe: fundi wa baiskeli, ukumbi wa harusi, duka la vifaa vya ujenzi, kwa majina ya kutunga. Gazeti la mji linaishi kwa matangazo madogo kama hayo, na mwalimu akiona ukurasa usio na tangazo hata moja atajua hujafikiria nani analipa.

Tangazo la kulinadi gazeti halihitaji maneno mengi. Ningechukua lile jedwali la saa za maji, nilikuze lijae bango zima, na chini niandike jina la gazeti na bei. Tanga ni mji wa baiskeli, basi lipige picha likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli inayopita mtaani.

Jambo moja la sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka gazeti liwe na leseni. Yako ni kazi ya darasani, kwa hiyo andika juu kabisa, mahali panapoonekana, "Toleo la mazoezi, haliuzwi", chapa nakala chache za kuwasilisha, usizisambaze mjini. Habari ya kutunga usiibandike jina la mtu wa kweli. Ukipiga picha ya mtoto, mzazi aridhie kwanza.

Programu ya kupanga kurasa: Scribus ni ya bure na inafanya kila nililokueleza, hata kwenye kompyuta isiyo mpya. Itakusumbua siku mbili za kwanza. Lakini usiifungue hadi uwe umechora kurasa zote kwa penseli kwenye karatasi ya A3 iliyokunjwa, kile ambacho ofisini tunakiita dami, na ukapima kwa rula kila kisanduku. Wiki ya kwanza iwe ya miguu na daftari, ya pili penseli na picha, ya tatu na ya nne kompyuta. Ya tano usibuni kitu kipya. Chapa, soma kwa sauti, sahihisha, chapa tena.

Ukishachapa nakala ya kwanza, ikunje, umwombe muuza magazeti mmoja akuruhusu uiweke mezani kwake kwa nusu saa, bila kuiuza. Simama pembeni na usiseme kitu. Hesabu wangapi wanaishika, na uandike wanafungua ukurasa gani na kidole kinatua wapi. Karatasi hiyo ya hesabu iambatishe kwenye ripoti jinsi ilivyo, hata kama haikukufurahisha.

Ukurasa wa 2 ukiwa tayari, nitumie huo kwanza kabla ya wa mbele. Nitausoma usiku huo huo.